Jinsi ya kulitumia neno "delicious" sawasawa: mwongozo kwa wanaowapikia na kuwahudumia wageni Unguja na Pemba

Pita Forodhani baada ya magharibi, wakati wauza chakula wameshapanga mishkaki na pweza mezani na moshi umeanza kutanda upande wa baharini. Utasikia Kiingereza kingi cha kuwavuta wageni, na neno litakalojirudia ni "sweet". "Sweet fish, my friend." "Octopus very sweet." Muuzaji anasema kweli tupu kwa Kiswahili chake: pweza wake mtamu. Lakini Muingereza anaposikia "sweet fish" anamfikiria samaki aliyetiwa sukari, na wapo wanaopita moja kwa moja kwa sababu hiyo tu.

Neno alilolihitaji muuzaji yule ni "delicious". Mwongozo huu unahusu neno hilo moja. Nimelichagua kwa kuwa ndilo kivumishi cha sifa chenye kazi kubwa mezani, na kwa kuwa watu wetu wanapika vizuri mno, kiasi kwamba inaniuma nikisikia chakula chao kinanadiwa kwa neno linalokishusha. Utamfaa mhudumu wa hoteli Nungwi au Paje, mama anayewapikia wageni chakula cha mchana Kizimbani baada ya kutembezwa kwenye mashamba ya viungo, muuza urojo, nahodha anayechoma samaki kwenye fungu la mchanga, na kijana wa Wete au Mkoani anayejitayarisha kwa usaili wa kazi. Zifuate hatua kwa mpangilio. Ya tano ndiyo ninayoomba uisome mara mbili.

Hatua ya kwanza: tenganisha tamu mbili

Kwetu "tamu" ni neno pana. Chai yenye sukari ni tamu, embe boribo ni tamu, na pilau nayo ni tamu ingawa haina hata chembe ya sukari. Tunasema sauti tamu, usingizi mtamu, mazungumzo matamu. Kiingereza kimezigawa kazi hizi. Kwenye chakula, "sweet" ni ladha ya sukari, asali au tunda lililoiva. "Delicious" ni chakula chochote kinachopendeza mdomoni, kiwe cha chumvi, cha pilipili, cha ndimu au cha sukari.

Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo jiulize swali moja: je, chakula hiki kina ladha ya sukari? Kama hakina, "sweet" halina nafasi.

Jaribu kwa vyakula vya hapa hapa. Urojo una ukali wa ndimu au embe mbichi, una chatne na bajia ndani yake. Hauna sukari, kwa hivyo ni "delicious" peke yake. Pweza wa nazi ni "delicious". Mchuzi wa chuku chuku, boko boko la sikukuu, biriani, vyote ni "delicious". Kaimati zilizochovywa shira ni "sweet", na kama zimekupendeza ni "delicious" pia. Halua, mkate wa kumimina na visheti ni hivyo hivyo: unaweza kusema "The halwa is sweet and delicious," na sentensi hiyo imesema mambo mawili tofauti.

Kuna pahali pamoja ambapo Waingereza wenyewe huvuka mpaka huu. Nyama ya kamba, kaa na kamba mti wakati mwengine huiita "sweet", kwa sababu kweli ina utamu mwembamba wa asili. Mtu akikwambia hivyo, mwelewe. Wewe mwenyewe baki na "delicious" mpaka uwe na uhakika.

Upande wa pili wa jambo hili ni kusikia, na huko ndiko kazi huharibika kimya kimya. Chai yetu ya maziwa hupikwa na sukari yake kabisa. Mgeni akinywa funda moja akasema, "It's too sweet for me," hajasifia. Analalamika, tena kwa adabu: sukari imezidi. Nimewaona wahudumu zaidi ya mmoja wakijibu "Thank you" kwa tabasamu na kuondoka, na mgeni akabaki na kikombe chake mpaka kikapoa. Jibu linalotakiwa ni "I'm sorry. I'll bring you one without sugar," kisha unaileta.

Hatua ya pili: litamke na uliandike

Hapa Kiswahili kinakusaidia. Neno lina silabi tatu, di-LI-shas, na mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, pale pale tunapouweka sisi katika "kitabu" au "karafuu". Huna haja ya kuupindisha ulimi. Ulitamke kama unavyotamka neno la nyumbani.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Herufi "ci" katikati hutoa sauti ya "sh", si "si" wala "ki". Na mwisho wa neno ni "s" iliyokatwa. Maneno yetu karibu yote huishia kwenye irabu, kwa hiyo ulimi unataka kuongeza kitu na kusema "delishasi". Sema polepole mara kadhaa, ufunge kwenye "s" na unyamaze.

Kwa maandishi, herufi ni tisa: d-e-l-i-c-i-o-u-s. Kwenye mbao za menyu hukosewa kwa "delicius", "delicous" na "delishes". Kama unalisahau, kumbuka kwamba mkia wake ni ule ule wa "spacious", neno ambalo hoteli hupenda kuliandika wakisifia ukubwa wa vyumba, na wa "precious". Ukiweza kuandika moja, umeziweza zote tatu.

Ongezea faida moja inayohusu wageni wetu hasa. Miongoni mwa wanaofika Unguja wamo Wataliana na Wafaransa wengi, na Kiingereza si lugha yao kama kisivyokuwa yetu. Mtaliana ana "delizioso", Mfaransa ana "délicieux", Mhispania ana "delicioso". Maneno haya yote yametoka kwenye Kilatini, na hata mgeni mwenye Kiingereza kidogo hulidaka "delicious" mara moja. Huenda asilijue "tasty". Hili atalijua.

Hatua ya tatu: litie mahali pake katika sentensi

Kivumishi cha Kiingereza hakifuati ngeli. Sisi tunasema samaki mtamu, chakula kitamu, vyakula vitamu, maembe matamu, na kila nomino inamvalisha mwenzake nguo yake. "Delicious" halibadiliki hata kidogo: "delicious fish", "delicious food", "delicious mangoes". Usilitie wingi.

Lina mahali pawili pa kukaa. La kwanza ni kabla ya nomino, kinyume na sisi: "delicious soup", kamwe si "soup delicious". La pili ni baada ya kitenzi: "The soup is delicious."

Hiyo "is" ndiyo inayodondoka. Kwa Kiswahili ukisema "supu tamu" umemaliza, umeeleweka na sentensi imetimia. Kwa Kiingereza "The soup delicious" ni nusu ya sentensi. Ikiwa kitu ni kimoja, au ni kitu kisichohesabika kama wali na kahawa, tia "is". Ikiwa ni vingi, tia "are": "The mangoes are delicious." Ikiwa ni chakula cha jana, tia "was": "Dinner last night was delicious." Mgeni akikutana nawe asubuhi akakwambia hivyo, anakizungumzia kile alichokula usiku, kwa hivyo usimkimbilie na sahani ya mayai ukidhani anaagiza.

Kuhusu "a": sema "a delicious meal", "a delicious cake", "a delicious breakfast". Neno linaanza kwa sauti ya "d", kwa hiyo halichukui "an". Na kwa vitu visivyohesabika usitie kitu: "delicious rice", "delicious coffee", "delicious bread". Neno "food" nalo kwa matumizi ya kila siku libaki hivyo hivyo bila wingi. "Foods are delicious" ni sentensi ninayoiona sana, na ilitakiwa iwe "The food is delicious."

Mbali na "is", viko vitenzi vichache vya hisia vinavyolipokea neno hili vizuri. "It tastes delicious" ni kwa aliyeonja. "It smells delicious" ni kwa anayepita jikoni wakati kitunguu na bizari vinakaangwa. "It looks delicious" ni kwa anayeitazama sahani kabla ya kula. Hapo wengine, kwa kutaka kusema kisomi, huandika "It tastes deliciously." Hapana. Baada ya vitenzi hivi hutakiwa kivumishi chenyewe. "Deliciously" lipo, lakini hutangulia kivumishi kingine, kama "deliciously spicy", na unaweza kufanya kazi miaka mingi bila kulihitaji.

Kuna kitenzi cha nne ambacho mhudumu anapaswa kukitambua kwa sikio: "That sounds delicious." Umemweleza mgeni kwamba leo kuna nguru wa kuchoma na wali wa nazi, naye akakujibu hivyo. Maana yake ni kwamba maelezo yako yamemvutia, na mara nyingi yuko tayari kuagiza. Muulize pale pale: "Would you like to try it?"

Ukitaka kuweka vivumishi viwili au vitatu pamoja, sifa hutangulia na maelezo hufuata: "delicious fresh juice", "delicious grilled fish", "a delicious Zanzibari breakfast". Ukisema "grilled delicious fish" watakuelewa, lakini sikio la mwenye lugha litakwama.

Hatua ya nne: lipime uzito

"Delicious" ni neno zito tangu mwanzo. Maana yake imeshabeba "sana" ndani yake. Ndiyo maana vitabu vya sarufi huliweka kundi moja na "excellent" na "wonderful", maneno ambayo kwa kawaida hayapendi kuongezewa "very". "Very" huenda na maneno mepesi: "very good", "very nice", "very tasty". Kwa "delicious" tumia "really", "so" au "absolutely": "This is really delicious." "The octopus was absolutely delicious." Ukisema "very delicious" hakuna atakayeshindwa kukuelewa, na wapo wenye lugha yao wanaosema hivyo. Lakini ukiandika kwenye menyu, chagua njia iliyonyooka.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye "too". Sisi tuna "mno", na "mno" yetu inaweza kuwa sifa: chakula kizuri mno. "Too" ya Kiingereza husema kitu kimepita kiasi na kimeharibika kwa kupita huko. "Too salty" ni chumvi imezidi. "Too hot" ni moto au pilipili imezidi, chakula hakiliki. Kwa hiyo "Our food is too delicious" humwacha mgeni akijiuliza tatizo ni nini. Ukitaka "mno" ya sifa, tumia "so".

Kulinganisha ni kwa "more" na "most": "The second one is more delicious," "the most delicious mango". Ila kwenye mazungumzo ya kila siku watu hupenda zaidi "better" na "best". Mgeni atakwambia "This one is even better" kabla hajasema "more delicious". Nawe fuata hivyo.

Hatua ya tano: jua neno hili ni la nani

Hapa ndipo mwongozo huu ulipokuwa unaelekea. Mtu anaweza kulitamka vizuri, kuliandika vizuri, kulipanga vizuri kwenye sentensi, na bado akalitumia vibaya kwa sababu hakujua nani wa kulisema.

"Delicious" ni neno la mwenye kula. Ni hukumu ya anayeonja. Fikiria desturi yetu wenyewe: mgeni akiingia nyumbani saa ya chakula, mwenye nyumba hasemi "Karibu, chakula changu kitamu sana." Husema, "Karibu, ndicho hiki hiki tulichojaaliwa," hata kama sinia limejaa biriani. Sifa huachiwa mgeni, naye hutoa mashaallah yake. Waingereza kwa jambo hili wako karibu nasi sana. Mwenyeji wa kwao naye hasifii chungu chake mbele ya mgeni. Hungoja asifiwe.

Muuzaji ana ruhusa zaidi kidogo, kwa sababu biashara ni biashara. Kwenye tangazo au menyu "delicious" linakubalika. Lakini soma menyu yenye "delicious fish, delicious chicken, delicious soup, delicious juice". Kufikia mstari wa nne neno halina maana tena. Mimi ningeliacha lionekane mara moja tu katika menyu nzima, au lisionekane kabisa, na badala yake niandike chakula chenyewe kilivyo: "Octopus cooked slowly in coconut milk." "Kingfish grilled over charcoal." "Flat bread with sesame seeds, baked this morning." Mgeni akisoma hivyo, neno "delicious" atalisema mwenyewe moyoni, na litakuwa na nguvu kuliko ukimwandikia. Cha kuangalia ni ukweli tu: usiandike "fresh" kwa samaki aliyelala kwenye barafu siku nne.

Kosa la pili la hatua hii ni kuuliza "Is it delicious?" Mhudumu amefika mezani, mgeni ana tonge mdomoni, na swali linamdai sifa. Hana jibu jengine ila "Yes", iwe kweli au si kweli, na wewe hujajua lolote. "Isn't it delicious?" ni zito zaidi, maana limeshamjibia. Uliza hivi:

"How is your food?"

"Is everything all right?"

"Are you enjoying the octopus?"

Maswali haya yanamwachia nafasi ya kukwambia kuwa wali umepoa au anataka ndimu. Na akilileta neno yeye mwenyewe, ujue amelileta kwa moyo.

Halafu ulijibu. Wengi wetu mgeni akisema "This is delicious!" tunajibu "Yes," au "Welcome." "Yes" linasikika kama mtu anayekubali kusifiwa, na "Welcome" peke yake halijajibu kitu. Mazungumzo mazuri huenda hivi:

"This is delicious!"

"Thank you. I'm glad you like it."

"What's in it?"

"Coconut, tamarind and a little ginger. I'll tell the cook you liked it."

Hilo la mwisho nalipenda sana, na nakuomba kweli ukalifikishe jikoni. Mama aliyesimama na moto tangu alfajiri naye ana haki ya kusikia.

Jifunze pia ngazi za sifa, kwa sababu Waingereza hawasemi "delicious" kwa kila kitu, na wasiposema wanakuwa wamesema jambo. "It's fine" au "It's OK" ni chini: chakula kinalika, hakuna furaha. "It's nice" na "It's good" ni katikati. "It's lovely" na "It's really good" ni juu, na Muingereza hulitumia "lovely" mara nyingi zaidi ya "delicious". "It's delicious" ni juu kabisa. "It's interesting" na "It's different" ni tahadhari, mara nyingi yeye huyo hatamaliza sahani. Ukisikia "It's fine" na sahani imesukumwa pembeni, uliza kwa upole: "Can I bring you something else?"

Na siku wewe ndiye mwenye kula, umekaribishwa meza moja na wageni au na bosi wako, neno ni lako sasa. Litoe. "This is delicious. How do you make it?" Swali la pili ndilo linaloonyesha kuwa sifa ni ya kweli. Chakula kikikushinda, usiseme "It's not delicious." Hawasemi hivyo, na ukisema litasikika kama tusi kwa mpishi. Sema "It's a bit too salty for me," au "I've had enough, thank you. I'm full."

Hatua ya sita: jua pasipokuwa pake

Usilitumie kwa mtu. Sisi twaweza kusema "mtu mtamu" kwa mwenye maneno mazuri na moyo laini. "You are delicious" au "You look delicious" kwa mgeni, hasa mwanamke, ni kauli ya tamaa, na inaweza kukufukuzisha kazi. Mtu mwema ni "kind". Hilo linatosha.

Pwani ya Vumawimbi kule kaskazini ya Pemba ni "beautiful". Upepo wa jioni ni "lovely". Ngoma ni "wonderful". Mlango wa nakshi Mji Mkongwe, wenye misumari ya shaba, ni "beautiful" pia, au "magnificent" kama ni mkubwa wa kutisha. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinacholiwa, na kwa mazungumzo ya kila siku "delicious" libaki kwenye chakula na vinywaji.

Kwa vinywaji halina shida: juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, juisi ya mabungo, chai ya mchaichai, zote ni "delicious". Maji baridi baada ya kutembea juani ni "refreshing". Kahawa chungu ya barazani ni "strong", na kama mgeni anaipenda atakwambia ni "delicious".

Watembeza wageni wa mashamba ya viungo waangalie hapa. Karafuu mbichi, kungumanga na gome la mdalasini haviliwi hivi hivi, kwa hiyo "This clove is delicious" si kweli na mgeni akitafuna ataona. Sema "It smells wonderful. We put it in pilau." Mkimaliza mzunguko mkafika kwenye matunda, hapo lilete neno. Doriani linafaa kwa sentensi yenye pande mbili: "It smells very strong, but it tastes delicious." Shokishoki hana tatizo, kila mtu humpenda.

Hatua ya saba: mpe wenzake

"Delicious" husema chakula kimependeza, halisemi kwa nini. Maneno machache yanayosema kwa nini yatakufaa kuliko kulirudia hilo moja. Pweza aliyepigwa vizuri mpaka akalainika ni "tender". Bajia na sambusa zilizotoka kwenye mafuta sasa hivi ni "crispy". Mishkaki isiyokaushwa na moto ni "juicy", na embe pia. Samaki wa asubuhi ni "fresh".

"Hot" lina maana mbili, moto na pilipili, na mgeni akiuliza "Is it hot?" usikisie. Mjibu kwa kutenganisha: "It's not spicy, but be careful, it's just come off the fire." Ukali wa pilipili uite "spicy", basi.

Ukiyaunganisha utapata sentensi ambayo mhudumu yeyote angejivunia: "Try the octopus. It's very tender, and the sauce is made with fresh coconut." Hakuna "delicious" humo.

Hatua ya nane: fanya mazoezi

Nenda Soko la Darajani asubuhi, au soko la Chake Chake kama uko Pemba. Kila utakachokipita, kitolee sentensi moja moyoni: ndizi, fenesi, changu, boflo, mkungu wa nazi. Jiulize kwanza lile swali la sukari, kisha amua kati ya "sweet", "delicious", yote mawili, au neno jengine. Jioni mwombe mwenzako awe mgeni na wewe uwe mhudumu, mpige mazungumzo ya hatua ya tano, kisha mbadilishane. Rekodi sauti kwa simu usikilize kama umeongeza "i" mwishoni mwa neno.

Baada ya hapo sahihisha sentensi hizi bila kutazama juu. Zote ni za aina unayoweza kuiona kwenye ubao wa chakula au kuisikia mezani.

"We have sweet fishes and a delicious foods."

"Soup delicious, madam, welcome."

"The pilau is too delicious."

"The bread smells deliciously."

"Is my octopus delicious?"

Ya kwanza: "We have fresh fish and other good things to eat," au bora zaidi, taja samaki mwenyewe na alivyopikwa. Ya pili: "Would you like to try the soup, madam?" maana sifa si yako kuitoa. Ya tatu: badilisha "too" iwe "so", na mwache mgeni aiseme. Ya nne: "The bread smells delicious." Ya tano: "How is the octopus?"